Kapsuli Nne Zilizobaki

Nianze kwa kujikamata mwenyewe kabla sijamkamata mtu mwingine. Yale maneno "utakufa wewe" niliyasikia mimi, kupitia ukuta, na mimi ndiye niliyeyafikisha polisi. Niliyafikisha yakiwa uchi, bila yaliyotangulia wala yaliyofuata. Nilikuwa nakaanga mayai huku nimebana simu begani, na masikio ya mtu anayekaanga mayai hayafai kutoa ushahidi. Lakini yalitoa, na mwanamke wa watu akalala mahabusu kwa ajili ya maneno hayo. Mengine yote nimeyapata baadaye, kwa Inspekta mwenyewe na kwa wenye nyumba. Nayasema sasa kama yalivyokwenda.

Maiti ilikuwa juu ya kochi.

Kochi lenyewe lilikuwa halijavishwa kitambaa, sponji tupu na mbao. Fundi alilala chali, mguu wa kulia umefungwa bandeji, nyundo yake ndogo imemponyoka ikalala sakafuni kati ya misumari. Alikuwa fundi makochi anayejulikana mtaa mzima. Amewakalisha watu raha mustarehe miaka kumi na tano, huku wa nyumbani kwake wakikalia viti vya plastiki. Sasa, Jumamosi saa kumi alasiri, ndiyo mara ya kwanza alikuwa amejilaza juu ya kazi yake mwenyewe.

Inspekta aliingia karakanani akitanguliwa na tumbo lake. Vijana wa kituoni walimwita Mzee Taratibu, na hakukasirika. Aliinama, akagusa shingo ya marehemu kwa mgongo wa kidole.

"Bado ana joto," alisema.

"Alikuwa na homa tangu jana, afande," alijibu Sajini, msichana mwembamba mwenye daftari. "Mkewe ndiye aliyemkuta."

Mke alisimama kando ya cherehani kubwa. Alikuwa mpishi wa shule, bado amevaa aproni ya kazini. Hakulia. Alikuwa ameshika mfuko mdogo wa nailoni wa dawa kama mtu aliyeshika tiketi ya basi lililokwisha kuondoka.

"Mara ya mwisho ulimwona hai saa ngapi?"

"Saa nane kamili. Nilimletea dawa na maji. Akameza, akasema niende, anamalizia mguu mmoja wa kochi. Leo kazi ni nusu siku, nikaenda kumlaza mtoto mdogo."

"Dawa ya nini?"

"Alikanyaga msumari. Mguu ukavimba ukawa mwekundu mpaka kwenye goti. Jumapili nikampeleka hospitali, wakamwandikia hizi, akaanza kumeza Jumatatu alfajiri. Antibiotiki. Kapsuli moja kila baada ya saa nane, siku saba. Jumla ishirini na moja."

Inspekta aliutazama mfuko. Kapsuli nne, nusu nyekundu nusu njano.

"Amemeza ngapi?"

"Kumi na saba."

"Unazihesabu?"

"Mfamasia alinambia zisirukwe hata moja, na asiache hata akijisikia mzima. Kwa hiyo nahesabu."

"Nani mwingine alikuwa anampa?"

"Hakuna. Mimi tu. Asubuhi, mchana, usiku. Mchana natoka kazini nakimbia kuja kumpa, halafu narudi kuosha masufuria."

Inspekta aliandika: *Mimi tu.* Akapiga mstari chini yake. Baadaye alisema huo mstari ndio uliomchelewesha siku tatu.

Mlangoni fimbo iligonga saruji. Mama mzazi wa fundi alikuwa ameletwa na majirani wawili, mguu wake wa kushoto umeviringishwa matambara. Alikuwa na kidonda cha miaka miwili pale juu ya kifundo. Alimtazama mwanawe, kisha mkwewe.

"Mwanangu alikuwa amepona," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyotisha zaidi. "Alhamisi amekula, amecheka, amekuja chumbani kwangu kwa miguu yake kunitania. Mtu aliyepona hafi. Muulizeni huyu alikuwa anamnywesha nini."

"Mama," alisema mke.

"Usiniite."

Watu mlangoni wakanong'ona. Ndipo Sajini alipouliza kama kuna jirani aliyesikia ugomvi, na mimi, kwa kiherehere changu, nikanyanyua mkono.

*

Jumatatu, daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu.

"Hakuna sumu," alisema. "Ni wadudu wa kidonda. Wametoka mguuni wakaingia kwenye damu, wakasambaa mwili mzima."

"Basi ni kifo cha kawaida."

"Ndivyo nilivyotaka kuandika. Lakini umeniambia alikuwa siku ya sita ya dawa. Nimezungumza na hospitali, wadudu wale walipimwa na dawa ile inawaweza. Siku tatu za mwanzo uvimbe ulishuka, sivyo? Halafu Ijumaa homa ikarudi kwa kasi. Ni kama mtu aliyeacha dawa katikati."

"Hajaacha. Mkewe alihesabu."

"Ndiyo maana nimezifungua zile nne ulizoniletea. Inspekta, umeshawahi kuona kapsuli yenye unga wa ngano?"

Inspekta alivuta daftari lake. "Zote?"

"Zote nne. Mtu amezifungua, akamwaga dawa, akajaza unga, akazifunga. Tena kwa ustadi. Mkemia atathibitisha, lakini mimi mke wangu anaoka mikate, unga naujua."

Saa moja baadaye mke wa fundi alikuwa chumba cha mahojiano.

"Nani alikuwa anampa dawa?"

"Nimeshasema. Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Dawa ndani yake haikuwamo. Ulikuwa unamlisha unga."

Alimtazama Inspekta kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua. "Unga gani?"

"Wa ngano. Jikoni kwako upo?"

"Upo. Jikoni kwa nani haupo?"

"Alhamisi alfajiri ulimwambia mumeo atakufa. Jirani amesikia."

"Nilimwambia." Alisogeza kiti karibu na meza. "Alikataa kumeza. Alisema, 'Nimepona, za nini tena?' Nikamwambia ukiacha sasa, wadudu waliobaki watarudi na hasira, utakufa wewe na ubishi wako. Akacheka, akameza. Huyo jirani hakusikia kicheko?"

Sikukisikia. Mayai yalikuwa yanaungua.

"Na Ijumaa homa iliporudi, kwa nini hukumrudisha hospitali?"

Hapo ndipo alipolia. Alilia bila kujificha uso, mikono imekaa tu mapajani. "Hilo ndilo nililolikosea. Nilijua anameza dawa, nikasema itamshinda tu huyo mdudu. Ningempakia hata kwenye mkokoteni. Nifunge kwa hilo, afande. Kwa unga usinifunge."

Sajini aliandika. Inspekta alitia saini karatasi ya kumweka mahabusu. Kesi ya mauaji, mahakamani Jumatano asubuhi.

"Watoto wako wapi?" mke aliuliza akiwa amesimama.

"Kwa bibi yao."

"Wa kwanza ana miaka minane, anaelewa. Mkinisomea hayo mashtaka kesho kutwa, hata nikiachiwa baada ya miaka miwili, atakuwa ameshakua akijua kwamba mimi nimemuua baba yake. Hapo mtakuwa mmeniachia nini?"

Mzee Taratibu alifunga jalada. Alijikuna sikio akatoka.

*

Jumanne, wakati wengine wamekwenda kula, kitu kilianza kulia kabatini.

Sajini alifungua. Ilikuwa simu ya mke, ndani ya bahasha ya vielelezo. Jana yake Sajini aliichaji ili wachunguze simu zilizopigwa. Kioo kilikuwa kinawaka. Inspekta aliisoma kupitia plastiki. Kengele ya saa nane mchana. Chini yake mke alikuwa ameandika: *Dawa ya baba watoto. Glasi nzima ya maji. Asiifungue, ameze nzima.*

"Izime," alisema Inspekta.

Sajini aliizima. Akaangalia zaidi. "Zipo tatu, afande. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane, saa nne usiku. Zimewekwa mpaka Jumapili iliyopita, halafu hii ya mchana kasahau kuiwekea mwisho."

Inspekta alikaa juu ya meza, jambo ambalo huwakataza vijana wake.

"Sajini. Ukitaka kumlisha mtu unga, utajiwekea kengele ili ameze unga kwa wakati?"

"Labda ni ujanja wa kujikinga."

"Na huo ujanja wa kuniambia mara tatu kwamba ni yeye peke yake aliyempa? Mwizi gani huyo anayejifunga pingu mwenyewe na kunikabidhi ufunguo?" Alisugua macho. "Mimi ni mjinga. Nimeuliza nani alimpa dawa. Sikuuliza dawa ilikuwa inakaa wapi."

Walishuka mahabusu. Mke alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Kati ya saa ya kumpa na saa nyingine ya kumpa," Inspekta aliuliza kupitia nondo, "mfuko wa dawa unakaa wapi?"

"Chumbani kwa mama mkwe. Juu ya rafu."

"Kwa nini huko?"

"Mfamasia alisema pawe pakavu, pasiwe na joto, watoto wasifikie. Jikoni kuna mvuke, chumbani kwetu watoto wanapanda mpaka juu ya kabati. Kwa mama mkwe hawaingii." Aliinamisha kichwa. "Kidonda chake kina harufu. Watoto wanaziba pua. Nimewakanya, nimechoka."

Inspekta na Sajini walitazamana.

"Ulimwambia mtu yeyote jambo hili?"

"Hamkuniuliza."

*

Chumba cha mama kilikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja, dirisha dogo na rafu ya ubao iliyochongwa na mwanawe. Kweli palikuwa na ubaridi wake. Bibi alikaa kitini, mguu ameunyosha juu ya kigoda. Mjukuu wa miaka minane alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Karibuni, wanangu. Mmekuja kuniambia amekiri?"

"Tumekuja kukupa pole, mama," alisema Inspekta. "Na mguu huu je, unaendeleaje?"

"Unakauka sasa. Angalau."

"Unaweka nini?"

"Dawa."

Inspekta alichuchumaa, magoti yakalia kama mlango wa ghala. Ukingoni mwa tambara palikuwa na unga mweupe ulioganda, umechanganyika na usaha. Hakuugusa.

"Umepewa hospitali?"

"Hospitali nimekwenda mara ngapi? Wanasema nirudi kila wiki kusafishwa, na usafiri wa kunibeba haupo. Sokoni mwanamke mmoja aliniambia: fungua kapsuli, nyunyiza unga wake juu, kidonda kinakauka kama ardhi."

"Sajini, mpeleke mtoto nje."

Mtoto alikuwa amekwisha kuondoka mwenyewe. Sajini akaenda hadi uani kumtazama, akarudi haraka, akafungua daftari.

"Mama, kabla hujaendelea, nikuonye," alisema Inspekta, na sauti yake ilikuwa laini kuliko sheria inavyotaka. "Utakachosema kinaandikwa na kinaweza kutumika mahakamani. Hulazimiki kusema."

"Mimi nina cha kuficha gani?"

"Hizo kapsuli zilikuwa za nani?"

"Za mwanangu."

"Alikupa yeye?"

"Angenipa. Hakuwahi kuninyima kitu. Huyu mkewe ndiye mwenye masharti. Nilimwomba Jumanne kapsuli mbili tu, akaniambia dawa ya mtu mmoja si ya mtu mwingine, tena haikuandikwa kunyunyizwa, twende hospitali Jumamosi. Jumamosi, Jumamosi. Mimi nanuka leo."

"Kwa hiyo ukachukua."

"Alhamisi, wakiwa wameondoka. Nilimsikia kwa masikio yangu alfajiri ile, anasema, 'Nimepona, za nini tena?' Mwenyewe kasema kapona. Mtu aliyepona dawa yake ni ya nini? Ni kuitupa tumboni bure, na mimi mamaye naoza upande wa pili wa ukuta."

Basi. Mimi nilisikia nusu ya pili ya ugomvi ule, yeye akasikia nusu ya kwanza.

"Ulichukua ngapi?"

"Kumi na moja zilizokuwa zimebaki. Lakini sikuchukua kapsuli zenyewe, huyu anahesabu kama mlinzi wa benki. Nilizifungua kwa kibanio cha nywele, nikamimina kwenye karatasi, nikarudishia unga. Ilinichukua asubuhi nzima, macho haya na mikono hii."

"Unga gani?"

"Wa ngano. Msafi. Niliuchekecha kwa kitambaa mara mbili, usiwe na mdudu wala mchanga." Alimtazama Inspekta kwa uhakika wa mtu aliyefanya kazi yake vizuri. "Unga hauui mtu, mwanangu. Kwa hiyo mnaona, si mimi niliyemdhuru. Ni kitu kingine alichomtilia huyu mwanamke. Mtafute hicho."

Sajini aliacha kuandika. Nje mtoto alikuwa anarusha jiwe ukutani, tap, tap.

Inspekta amewahi kuwaambia watu mambo mengi mabaya. Ameshawagongea milango wajane, ameshawafunulia shuka wazazi. Hili, alisema, lilikuwa gumu kuliko yote hayo.

"Mama. Daktari amempasua. Hakuna kitu alichotiliwa."

"Angalieni tena."

"Siku tatu za kwanza na ile asubuhi ya Alhamisi, alimeza kapsuli kumi za kweli. Wadudu wa mguuni wakapungua, homa ikashuka, ndiyo maana alicheka. Walipungua, mama. Hawakwisha. Zile kumi na moja zilikuwa za kuwamaliza."

Bibi aliigeuza fimbo mkononi.

"Kuanzia Alhamisi saa nane alimeza unga mara saba. Mkewe akimpa kwa saa, kwa glasi nzima ya maji, akijua anampa dawa. Ijumaa homa iliporudi hakushtuka sana kwa sababu alijua dawa inaingia."

"Lakini unga hauui."

"Hauui. Kukosa dawa ndiko kulikoua."

Fimbo ilianguka. Hakuna aliyeiokota. Bibi aliutazama mguu wake, lile ganda jeupe, kwa muda mrefu. Kisha akaanza kulifungua tambara, mzunguko baada ya mzunguko, kwa haraka, kama mtu anayetaka kurudisha kitu cha watu kabla mwenyewe hajaja. Harufu ikajaa chumba. Kidonda kilikuwa wazi, chekundu, kimelowa. Hakikuwa kimekauka hata kidogo. Alianza kuukwangua ule unga wa dawa kwa kucha.

"Bado upo," alisema. "Mwingi bado upo. Tazama."

Sajini alimshika mikono.

"Niache. Mimi nilitaka wale watoto waje wakae hapa kitandani. Basi. Nilitaka nisinuke, waje."

*

Kituoni, jioni ya siku hiyo hiyo kabla jua halijazama, mke wa fundi alirudishiwa vitu vyake kaunta: simu, mkanda, pete, aproni. Inspekta alimsomea mwenyewe maelezo ya mama mkwe, ukurasa kwa ukurasa, wamesimama. Alidhani atapiga kelele. Hakupiga. Aliuliza jambo moja tu.

"Angemeza zote, angepona?"

"Daktari anasema kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Nami nakuomba radhi. Nilikufunga kwa sababu ya swali ambalo sikuliuliza."

Alitia saini kwenye kitabu.

"Atashtakiwa?"

"Jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Kuua bila kukusudia, pengine. Kwanza anakwenda hospitali, mguu ule wasafishe vizuri na wampe dawa inayomstahili. Daktari amesema hata akinyunyiza unga wa dawa mpaka kesho kutwa, hautafika walipo wadudu. Utawafundisha tu kuizoea dawa."

Nilikuwepo mimi pia, kwenye benchi la mbele. Nilikuwa nimekwenda kurekebisha ushahidi wangu, na Sajini alikuwa ameniacha nikae pale nijifikirie kidogo. Nilisimama kumwomba msamaha. Alipita mbele yangu bila kunitazama, kama ninavyostahili.

Watoto wawili walikuwa getini na mwalimu wao, wakimsubiri mama yao. Wa miaka minane alikuwa amemshika mdogo mkono. Kwa siku tatu walikuwa wameambiwa, na bibi yao, kwamba mama amemuua baba. Walipomwona, mdogo akamkimbilia. Mkubwa akabaki pale pale, akimpima mama yake kwa macho.

Wakati huo huo walikuwa wanamtoa mama mkwe chumba cha mahojiano, polisi wawili wamemshika kwapani, mguu umefungwa bandeji mpya nyeupe. Alipofika usawa wa mkwewe, akaomba wasimame. Wakasimama.

Alitazama getini. Kisha akashika ncha ya aproni ya mkwewe, kwa vidole viwili, taratibu.

"Mwanangu," alisema. "Watoto usiwaambie kwamba ni mimi."

Mke wa fundi alitazama vile vidole. Inspekta alijifanya anatafuta kalamu. Sajini aliinamia daftari. Mimi niliangalia sakafu. Getini yule wa miaka minane alikuwa bado amesimama, anasubiri aitwe.

"Nakuomba," alisema bibi. "Usiwaambie."